Jumuiya Isiyokosa Kitu

Pale Kiponda, uchochoro unapobana hadi waliogombana hulazimika kupeana njia, ipo baraza ya mawe iliyolainishwa na vikalio vya watu wasio na haraka. Asubuhi ni ya paka. Baada ya Adhuhuri ni ya Kheir muuza kahawa, dele lake na vikombe vyake, pamoja na wanaume wachache ambao ukiwauliza wanafanya kazi gani watakuuliza wewe unataka kujua ya nini. Watalii wakipita hupiga picha mlango wa nyumba iliyo nyuma yao, mlango mkubwa wa nakshi, na huwaomba wenyewe wasogee kidogo wasiingie kwenye picha. Hawajui kuwa hao wanaosogezwa, kwa mujibu wa cheti cha usajili, ndiyo kamati ya Jumuiya ya Sitara. Wenyewe nao walikuwa wameshasahau, mpaka siku hiyo, kwa sababu baada ya Alasiri alikuwa anakuja mtu kutoka Wakfu wa Tausi, wakfu ulioanzishwa na kampuni ya simu ya jina hilohilo, kuwatazama kama wanafaa kupewa ruzuku.

Jumuiya yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ni Bi Khamisa peke yake. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, na aliye na ndugu huletewa kila kitu ndani. Asiye na ndugu ndiye wa Bi Khamisa. Humnunulia, humpelekea, humsikiliza, kisha akitoka pale hasemi na mtu. Wenye maduka wanaompa hawajui vinakwenda kwa nani, na wajane wanaopokea hawajui vimetoka kwa nani. Hakuna kilichoandikwa popote. Sadaka ikishakuwa na majina, husema mwenyewe, imeshakuwa masimango. Ofisi ya usajili ilipotaka majina ya kamati alijiandika mwenyekiti, akatoka nje, akawaandikisha waliokuwa wamekaa barazani, akarudi jikoni kwake.

Katibu ni Mudrik, mwanawe, fundi wa feni mwenye kiduka kinachotazamana na baraza. Yeye ndiye aliyeomba ruzuku, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini. Mama yake alikuwa ameanza kusahau. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai na kumwita Mudrik kwa jina la marehemu mjomba wake, wakacheka wote wawili. Halafu akamsahau mjane mmoja. Alipokuja kumkumbuka, yule mwanamke na wanawe walikuwa wanaishi kwa uji wa chumvi, na mjane mwenyewe hakuwa na wa kumtuma kwenda kuuliza. Bi Khamisa alilia sana siku ile, akamshika mwanawe mkono. “Usinivue nguo mbele za watu, Mudrik.” Mudrik akaahidi, na ahadi ikamkaa kooni, maana alijua kwamba siku mama atakaposahau kabisa, wanawake wote waliomo nyuma ya milango anayoijua yeye tu watasahaulika pamoja naye.

– Hebu n'eleweshe tena, alisema Mzee Kificho, ambaye barazani huitwa Forodha kwa kuwa alistaafu bandarini akiwa karani wa ushuru. Pesa hizi si za mchele?

– Si za mchele, mzee wangu.

– Si za unga wala mafuta?

– Wala si za kujengea banda. Ni za kuijengea jumuiya uwezo.

– Mie miaka yangu yote bandarini sijaona kasha tupu likalipiwa.

– Si tupu, Mzee, alisema Mudrik. Kule semina yao ya waombaji walituambia hivi: jumuiya nyingi zinakufa si kwa kukosa cha kugawa, zinakufa kwa sababu hazijasimama sawasawa. Hesabu hazieleweki, kamati haikutani, kila kitu anakijua mtu mmoja. Sasa wao wanalipia hayo. Mafunzo, mpango wa miaka ijayo, namna ya kurithishana kazi. Mchele tutafute wenyewe.

Alipofika kwenye “mtu mmoja” aliomba kikombe. Kheir akammiminia bila kumtazama.

– Yaani wanatulipa ili tujue kufanya tunachokifanya? aliuliza Abdulwahid. Huyu huitwa Kendwa, kwa kuwa ni mhudumu wa mezani kwenye hoteli moja ya ufukwe wa huko, na kila akija mjini siku yake ya mapumziko huja na elimu mpya kuhusu wageni.

– Takriban hivo.

– Na sisi tunafanya nini?

Kila mtu alikunywa kahawa.

– Tumekaa, alisema Mzee Kificho hatimaye. Lakini tumekaa kwa nia njema.

– Skizeni, mie n'nawajua hawa, alisema Abdulwahid, akavuta kanzu akakaa vizuri. Mfadhili anataka kilio. Ukimpa hesabu anasinzia, ukimpa chozi anatoa. Tumtafute mjane mmoja apigwe picha, kashika tama, nyuma ukuta umebanduka. Tushapata.

– Hawa si Wazungu, Kendwa, alisema Mudrik. Kampuni ya simu hii, watu wa hapahapa.

– Pesa ikishaingia kwenye wakfu inakuwa ya Kizungu, hata kama imetoka sokoni Darajani.

– Na mjane gani atakayepigwa picha naye yumo edani? alisema Mudrik. Mama akikusikia hatokupa salamu mpaka Idi.

– Basi mmoja wetu avae baibui akae kimgongomgongo. Muhiddin mwembamba, atafaa.

Muhiddin aliweka kikombe chini taratibu. Yeye huitwa Wakili. Aliwahi kujitetea mwenyewe katika kesi ya kiwanja, akashindwa, na tangu siku hiyo huwashauri wengine.

– Mie nikiwa mjane, alisema, basi mume aliyekufa nani? Si mie mwenyewe? Unataka nisimame mahakamani kama marehemu na kama mfiwa? Hapana, yakhe. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

– Inaingiaje hapo?

– Inaingia polepole, ndo maana yake. Nyie tumieni akili. Kampuni haitoi kitu bure. Kampuni ya simu inauza nini?

– Simu.

– Inauza maneno! Sasa nani mwenye maneno mengi na nafasi ya kuyasema, naye hatoki nje, hana pa kwenda, yuko ndani miezi minne?

Walitazamana.

– Mjane edani, alisema Abdulwahid kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mwezi.

– Khaswa! Wanataka kumfanya Bi Khamisa wakala. Aingie na mkate, atoke kashauza laini. Huo ndo uwezo wanaotaka kutujengea, na siku ya kusaini mtaona kimeandikwa kwa herufi ndogo.

– Mie nnaona mbali zaidi ya hapo, alisema Mzee Kificho, akanyoosha kidole juu, kwenye paa la nyumba ya Bi Khamisa lililokuwa likionekana kipande tu kati ya nyaya za umeme. Nyumba hii ndiyo ndefu katika mtaa huu. Wanataka paa. Wataweka mtambo wao pale juu, kisha watasikiliza kila kinachosemwa hapa chini.

– Wasikilize baraza hii?

– Kwani tunasema machache?

– Watalala, Mzee. Watalala na mtambo wao.

– Wakilala ndo vizuri, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hilo nalo halikuwa na pa kuingilia, lakini lilisemwa na mtu mzima, likapokewa kwa heshima. Mudrik aliwasikiliza akihisi kichwa kinamzunguka. Alikuja barazani akiwa na jambo moja alilolielewa, na kila kikombe kilivyojaa lilizidi kumtoka mikononi. Pengine kweli lilikuwa suala la paa. Pengine alitakiwa atoe kilio. Alijilaumu kwa kudhani kwamba kamati hii ingemsaidia kuamua, na papo hapo akawaonea huruma, maana walikuwa wanahangaika kweli, kwa mapenzi, juu ya kitu ambacho yeye aliwaficha nusu yake.

– Sikilizeni, alisema. Kuna jambo moja tu wanalolitaka zaidi. Walilisema mara mbili kule semina. Anayekuja leo atatutaka tueleze wapi tunapwaya.

– Tunafanyaje?

– Tunapwaya. Wapi hatuwezi, wapi pametushinda. Hawampi ambaye kila kitu chake kimekaa sawa, na hawampi ambaye hajui ugonjwa wake. Wanampa anayejua pa kushonwa.

Muhiddin alisimama kabisa.

– Mshitakiwa hajishitaki! Hiyo kanuni ya dunia nzima! Unaulizwa una kosa gani, unajibu huna, mpaka ushahidi uletwe. Mie mwenyewe kesi ya kiwanja n'lishindwa kwa sababu n'lisema ukweli sehemu moja ndogo.

– Wewe ulishindwa kwa sababu kiwanja kilikuwa cha mwenzio, alisema Kheir, na hilo ndilo jambo la kwanza kulisema siku hiyo.

– Wacha hayo, alisema Mzee Kificho, naye sasa alikuwa amekasirika kidogo. Mwanangu Mudrik, wewe mtoto wa Bi Khamisa, umelelewa. Mgeni akija kwenu unamwonyesha ndoo inayovuja? Unamkalisha kwenye kiti kilichovunjika mguu? Hata kama mmelala na njaa, mgeni akija pilau inatoka, mmeazima kwa jirani, na yeye hajui. Huo ndo uungwana. Leo aje mtu kutoka nje tumwambie sie tunapwaya? Mtaa mzima utasikia. Watasema Sitara imevuliwa nguo.

Neno lilikuwa lilelile la mama yake Mudrik, na likiwa limetoka kwenye mdomo wa mzee lilikuwa zito mara mbili.

– Kuna jambo, alianza tena Mudrik kwa sauti ndogo. Kuna jambo la ndani ambalo...

– La ndani ndo la kupamba! alidakia Abdulwahid. Umesema kweli. Chumba cha chini kile cha nyumba hii, tukifanye ofisi. Hotelini kwetu akija mkaguzi tunahamisha hata minazi.

Ndivyo walivyoinuka, watu ambao mtaa haukuwahi kuwaona wakiinuka kabla ya adhana. Viti vya plastiki viliazimwa kwa mkodishaji wa vitu vya harusi, bado vina mafundo ya utepe. Meza ilitoka kwa fundi cherehani, ikaja na pini zake. Kompyuta ilitoka duka la picha za pasipoti, haikuwa na waya, lakini Muhiddin alisema mtu mwenye adabu hawashi kompyuta mbele ya mgeni. Feni za wateja wa Mudrik, zote zilizokwisha kutengenezwa na moja isiyotengenezeka, zilipangwa ukutani hadi chumba kikaonekana kama kinajiandaa kuruka.

– Zote ziwashwe, aliamrisha Muhiddin. Zionekane! Mficha uchi hazai!

Mudrik, aliyekuwa ameinama anachomeka waya, alishtuka akajigonga kichwa kwenye meza. Aliangalia juu. Mwenzake alikuwa anazungumzia feni, wala hakuwa na lingine. Mudrik aliwasha swichi, upepo ukapeperusha utepe wa harusi, na wote wakakubaliana kwamba jibu la kumpa mgeni, akiuliza wapi wanapwaya, ni moja: hatukosi kitu.

Baada ya sala ya Alasiri alifika mwanamke kijana, baibui, raba miguuni, mkoba begani, akiuliza njia kwa kila aliyekutana naye.

– Asalaamu alaykum. Shikamooni.

– Waalaykumu salaam. Marahabaa, bibi, karibu sana.

– Naitwa Nadra, natoka Wakfu wa Tausi. Nimepotea kidogo, samahanini.

– Hapotei anayekuja kwa watu, alisema Mzee Kificho. Wewe mtoto wa nani?

Ikawa lazima kwanza ijulikane kwamba babu yake ni wa Mkokotoni, kwamba Mzee Kificho aliwahi kumgongea mihuri ya magunia yake ya madagaa, kwamba babu amefariki, Mungu amrehemu, na kwamba mguu wa bibi yake haujambo. Nadra alijibu yote kwa subira, na alipokaribishwa ofisini alitazama zile feni, akatazama utepe, akashukuru, akasema kwa vile kuna joto angependa zaidi kukaa nje. Alipewa kiti cha harusi mbele ya baraza. Kheir akamletea kahawa na kashata.

– Kamati yenu hukutana mara ngapi? aliuliza.

– Kila siku, alisema Abdulwahid, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli tupu.

– Kila siku? Mashaallah. Na ajenda huandaa nani?

– Zinajileta zenyewe.

Nadra alitabasamu, akaandika.

– Mshika fedha ni nani?

– Mimi hapa, alisema Mzee Kificho.

– Fedha za jumuiya huwekwa wapi, mzee wangu?

– Sijui, bibi. Sijapata kuziona hata siku moja. Ndo maana hazijapata kupotea.

– Basi anayezijua ni nani?

– Bi Khamisa.

– Na mnasaidia wajane wangapi kwa sasa?

– Hatujui, alisema Muhiddin, na wala haturuhusiwi kujua. Hiyo ndo katiba yetu, japo haijaandikwa. Mwenye kujua ni Bi Khamisa.

– Naelewa, alisema Nadra, na uso wake ulionyesha anaelewa kweli. Shangazi yangu alikaa eda peke yake Mangapwani. Alikuwa anasema njaa si kitu, kitu ni jirani kujua una njaa. Sitokutakeni majina wala picha. Swali langu ni moja tu, na ndilo hasa lililonileta. Ruzuku hii ni ya kusaidia pale jumuiya inapopwaya. Nyie mnakosa nini?

Mzee Kificho alijiweka sawa.

– Hatukosi kitu, alhamdulillah.

– Hatukosi kitu, alisema Abdulwahid.

– Hatukosi kitu, na jibu hili lisitumike dhidi yetu, alisema Muhiddin.

Nadra akamgeukia Mudrik.

– Na wewe, Katibu?

Mudrik aliitazama kahawa yake. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana, yanangoja. Aliona uso wa mama yake siku ile alipolia. Aliona pia mlango wowote ule, mlango asioujua, na mwanamke nyuma yake akisikiliza nyayo zinazopita bila kusimama.

– Hatukosi kitu, alisema, na akajichukia pale pale.

Nadra aliandika.

– N'takwambieni kweli kwa kuwa mmenipokea kama mtoto wenu, alisema. Kuna jumuiya nilizozitembelea zimeniambia hatujui kuweka hesabu, tufundisheni. Nyengine imesema mwenyekiti wetu ndiye kila kitu, akiumwa tumekwisha. Hao n'naweza kuwaombea, kwa sababu najua pa kuanzia. Nikirudi nikaandika kwamba Sitara haikosi kitu, watanijibu basi ipongeze. Ndivyo mnavyotaka?

Baraza ilichanganyikiwa waziwazi. Mzee Kificho alimtazama Muhiddin, Muhiddin alimtazama Abdulwahid, naye akakitazama kikombe chake ambacho kilikuwa hakina kitu.

– Yaani ukiwa mzima hawakupi, alisema Mzee Kificho polepole, na ukiwa mgonjwa wanakupa. Na mgonjwa ni aibu. Sasa mtu muungwana afanye nini?

– Kheir, alisema Abdulwahid, mimina bwana.

– Kahawa imekwisha, alisema Kheir.

Mlango mkubwa ukafunguka. Bi Khamisa alitoka na baibui lake la kutokea, kikapu mkononi, amekifunika kwa kitambaa cheupe. Wote walisogea apite. Alimwona mgeni, akampa mkono, akamuuliza hali, akamwambia amekonda, ale. Hakuuliza amekuja kufanya nini. Mikate ilikuwa inanukia chini ya kitambaa, ya moto bado.

– Haya, mie n'nakwenda mara moja, narudi, alisema, akashika njia.

Alikwenda mpaka pale uchochoro unapogawanyika, mmoja unateremka Malindi na mwengine unapanda Mkunazini. Hapo akasimama. Walimwona kwa nyuma tu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akageuka taratibu akarudi barazani. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayetaka kuazima kitu kidogo.

– Mudrik, mwanangu.

– Naam, mama.

– Hichi kikapu n'likuwa nampelekea nani?

Mzee Kificho alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

– Si... si kule Mkunazini, Bi Khamisa? alisema Abdulwahid.

– Mkunazini kwa nani?

Abdulwahid hakujua. Hakuwahi kujua.

– Ana mtoto mchanga, alisema Bi Khamisa, na tabasamu lilikuwa linamtoka kidogo kidogo. Maziwa yake yamekatika kwa huzuni. Jana n'limwambia usilie, n'takuletea ya kopo. Nimeyatia humu. Kile kitoto nakiona hivi, kina kovu dogo hapa kwenye nyusi. Mlango wake ndo siuoni. Mbona siuoni, Mudrik? Nyie mmekaa hapa siku zote, mnaniona nikipita. Huwa napita wapi?

Waliomwona akipita kwa miaka na miaka walikuwa wamegeuza macho kila mara, kwa adabu, ili wasijue anakokwenda. Ndiyo heshima waliyomwekea. Mzee Kificho aliinuka, jambo ambalo magoti yake hayakupenda, akampisha mahali pake pa barazani, mahali ambapo hajawahi kumpisha mtu.

– Kaa, dada yangu. Kaa kidogo upumzike.

– Sikai. Mtoto atalia.

– Kaa, mama, alisema Mudrik, akampokea kikapu. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akamkalisha, akakaa karibu naye, akamshika mkono mbele ya watu wote, na hapo ile ahadi ikamtoka kooni kama mwiba wa samaki.

– Nisamehe, mama, alisema. Kisha akamgeukia mgeni. Bi Nadra, futa ulichoandika.

Nadra alikuwa ameshafuta. Kalamu ilikuwa mkononi, macho yake yamejaa maji.

– Niandike nini, kaka yangu?

– Andika kwamba kamati imekutana, alisema Mudrik. Wote wamehudhuria, mwenyekiti yupo, katibu yupo, mshika fedha yupo. Kuna mtoto anangoja maziwa, na hakuna hata mmoja wetu anayeujua mlango.